BISKUTI ZA IDI NA KUMI LA MWISHO



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, aliyetuwafikisha kuufikia mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu yangu kijana, dada yangu, mzazi wangu uliyelishika jarida hili, huenda umekiona kichwa cha maneno haya ukacheka. Ramadhani ni mwezi wa Qur'ani, mwezi wa toba, mwezi wa kufunga na kusimama usiku, kisha mtu aje kutuzungumzia biskuti? Naam, nataka tuzungumze juu ya biskuti. Nikikwambia usipoteze kumi la mwisho utaitikia "inshallah" na mambo yatabaki yale yale. Lakini tukilifuata kumi la mwisho mpaka mahali linapopotelea, katika nyumba nyingi za Mombasa tutaingia jikoni, tukute unga, siagi, trei zimepangwa juu ya meza, na mama amesimama mbele ya oveni saa saba za usiku.

Basi mazungumzo yetu ni hayo. Sisemi tuache kuoka. Nasema tuoke kwa wakati wake, tugawane kazi, na tujue biskuti ile tunamwokea nani.

Biskuti imefikaje Mji wa Kale

Kwanza tuondoe wasiwasi mmoja. Wako vijana, wakishasoma kidogo, hutazama sahani ya Idi wakauliza: hii iko katika dini? Jawabu ni kwamba chakula cha sikukuu ni ada, si ibada. Na asili ya vitu katika sheria yetu ni halali mpaka ije dalili ya kukataza. Idi ni siku ya kula na kufurahi, na kufunga siku hiyo ni haramu. Kwa hivyo mwache mama aoke kwa moyo safi.

Tena ukiitazama sahani ya Idi ya Mombasa utaisoma historia yetu yote. Halwa ilitoka Omani, na mpaka leo ndiyo mwenziwe kahawa chungu. Nankhatai ililetwa na Wahindi wa Gujarati, na ndani ya jina lake mna neno la Kiajemi, nan, yaani mkate. Visheti, kaimati na mkate wa sinia tumevifanya vyetu, vimenukia iliki na tui. Na sasa mabinti zetu wameongeza biskuti za chokoleti, zenye vidonge vya rangi nyekundu, kijani na njano juu yake. Hii ya chokoleti nayo ina kwao. Ilianza Marekani katika miaka ya 1930, katika mkahawa mmoja wa jimbo la Massachusetts, ambako mwanamke aitwaye Ruth Wakefield alikatakata chokoleti vipande vidogo vidogo akavitia katika unga wa biskuti. Leo biskuti hiyo inaokwa Kibokoni na Kuze, na watoto wa Ndia Kuu ndiyo wanayoikimbilia kwanza. Hakuna ubaya. Mji huu umejengwa juu ya bandari, na kila kilichokuja kwa bahari, kikiwa halali na kitamu, tulikipokea.

Wala si sisi peke yetu. Wamisri wana kahk, watu wa Sham wana maamul iliyojazwa tende, na Wamalei wana biskuti chungu nzima za sikukuu yao. Huko Misri, zama za utawala wa Fatimiya, kulikuwa na nyumba maalumu ya serikali iliyoitwa Dar al-Fitra, ambayo kazi yake ilikuwa kutengeneza vitamutamu vya Idi na kuvigawa. Lishike hilo neno, kuvigawa, tutalirudia.

Saa za usiku zinakwenda wapi

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hesabu haina hasira.

Sisi tuko karibu na ikweta. Usiku wetu haurefuki sana wala haufupiki sana. Ukihesabu kutoka Magharibi, mnamo saa kumi na mbili na nusu za jioni, mpaka Alfajiri, mnamo saa kumi na moja na kitu, unapata kiasi cha saa kumi na nusu. Toa kufuturu, toa Isha na Tarawehe, toa daku. Theluthi ya mwisho ya usiku, ile ambayo Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa ni wakati wa kujibiwa dua, inaanza kwetu karibu saa nane kasorobo. Ina urefu wa saa tatu na nusu tu.

Haya, turudi jikoni. Nyumba ya kawaida ikisema "tunaoka za Idi", husemi biskuti ishirini. Kuna wajomba, kuna khala, kuna majirani, kuna wageni wa siku tatu. Tuseme biskuti 300. Trei moja ya oveni ya nyumbani inachukua kama 20. Hiyo ni mizunguko 15. Kila mzunguko, pamoja na kutoa na kutia, ni kama dakika 15. Kwa hivyo oveni peke yake imekula saa 4 kasorobo. Hujapima unga, hujapiga siagi na sukari, hujafinyanga vidonge, hujaosha vyombo. Na hiyo ni aina moja ya biskuti! Ukitaka na nankhatai, na visheti, na keki mbili, umemaliza usiku mzima, na wa pili yake.

Na usiku gani? Tazama ada yetu. Kumi la kwanza hakuna haraka. Kumi la kati tunasema bado mapema, zitaliwa zishe kabla ya Idi. Likiingia kumi la mwisho, ndipo Marikiti na Mtaa wa Biashara hapapitiki, taa zinawaka mpaka daku, na jikoni moto umewashwa. Usiku wa mwezi 21, 23, 25, 27, 29, nyusiku zile zile tulizoambiwa tuutafute Laylatul Qadr, ndizo tulizozipangia siagi na kitambaa cha pazia.

Ndugu yangu, katika Suratul Qadr Mola wetu ametujulisha kwamba usiku huo ni bora kuliko miezi elfu. Gawanya elfu kwa kumi na mbili: ni miaka 83 na miezi 4. Wangapi katika sisi wanafika umri huo? Na Bi Aisha (R.A.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba likiingia kumi la mwisho Mtume (S.A.W.) alikuwa akijifunga kibwebwe kwa ibada, akiuhuisha usiku na kuwaamsha watu wake wa nyumbani. Angalia vizuri: akiwaamsha watu wa nyumbani. Hakuenda msikitini peke yake akawaacha wake zake na masufuria. Aliwataka nao wapate fungu lao.

Kazi hii ni ya nani?

Hapa nataka kusema na mabarobaro, na nitasema waziwazi, mnisamehe.

Wewe kijana umetoka Tarawehe pale Mandhry au Basheikh, umevaa kanzu safi, unanukia. Umeketi barazani na wenzako mnakunywa kahawa, mnapiga soga mpaka saa sita. Kisha unarudi kwa Qiyamul-layl, mashallah. Ukipita ukumbini unamkuta mama na dada zako wamekaa chini, mikono ina unga mpaka kwenye kiwiko. Unachukua biskuti moja ya moto, unasema "tamu hii", unakwenda zako kusali. Unajiona uko katika ibada na wao wako katika mambo ya dunia. Lakini biskuti ile nani atakayeila? Wageni wako siku ya Idi watapewa nini? Utukufu wa usiku umeuchukua wewe, na gharama ya sikukuu umemwachia mama.

Bi Aisha (R.A.) aliulizwa: Mtume akifanya nini nyumbani kwake? Akajibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani, na wakati wa Swala ukiingia akitoka kwenda kuswali. Imo katika Bukhari. Basi wewe ni nani hata mikono yako isishike unga? Kupima sukari hakuhitaji ndevu zitoke wala zisitoke. Kuosha trei ni kazi ya dakika tano. Kukaa mbele ya oveni na saa mkononi ni kazi ya mtu yeyote mwenye macho. Ukimwambia mama, "Mama, kalale saa mbili, mimi nitazitoa hizi, kisha nitakuamsha tusali," umempa zawadi ambayo hainunuliwi Mtaa wa Biashara.

Na wewe baba, usiseme hayo ni ya vijana. Wewe ndiye unayesema, "Mwaka huu nataka sahani ijae, wageni wasije wakatucheka." Maneno hayo ni ya ulimi mmoja tu, na mtu mwingine huyabeba kwa mgongo.

Na nyinyi kina mama na mabinti, nisinukuliwe vibaya. Mwanamke anayeilisha familia yake kwa nia njema anaandikiwa thawabu, na aliyeko katika siku zake hakufungiwa mlango. Dhikri anaweza, dua anaweza, na ile dua fupi ya kuomba msamaha aliyofundishwa Bi Aisha kwa ajili ya Laylatul Qadr inasomeka hata mkono ukiwa ndani ya bakuli. Lakini pia msijidanganye. Nyumba nyingine kazi hupungua, ila mashindano hayapungui. Fulani ameoka aina saba, nami nitaoka tisa. Nani aliyetuandikia aina tisa? Tatu zinatosha. Mola ametuambia tule na tunywe, na katika aya hiyo hiyo ametukataza israfu.

Oka mapema: namna ya kufanya

Nasaha bila njia ni maneno matupu. Kwa hivyo nakupa njia.

Biskuti kavu haihitaji kuokwa jana ndipo iliwe leo. Ikipoa vizuri na ikafungiwa katika kopo lisiloingia hewa, inakaa wiki mbili au tatu bila shida. Na unga wake mbichi, ukishafinyangwa vidonge, unakaa katika friza mwezi mzima. Maana yake ni kwamba kazi nzito yote inaweza kumalizwa mwishoni mwa Shaabani au siku za mwanzo za Ramadhani, mchana wa Jumamosi, nyumba nzima ikiwapo.

Hiki hapa kipimo cha biskuti za chokoleti za rangi, kinachotoa kama 50:

Siagi gramu 250, iwe laini lakini isiyeyuke.
Sukari gramu 200.
Mayai 2.
Unga wa ngano gramu 400.
Beking pauda kijiko 1 cha chai, na chumvi nusu ya kijiko cha chai.
Iliki iliyosagwa nusu ya kijiko cha chai (hii ndiyo inayoifanya iwe ya Mombasa).
Chokoleti iliyokatwakatwa gramu 200.
Vidonge vya chokoleti vya rangi gramu 150.

Piga siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe. Tia mayai, moja baada ya moja. Chekecha unga pamoja na beking pauda, chumvi na iliki, kisha uchanganye taratibu bila kukanda, kwani ukikanda biskuti itakuwa ngumu. Tia ile chokoleti iliyokatwa. Vidonge vya rangi usivichanganye ndani, maana rangi hutoka na unga wote ukawa kama maji ya kufulia. Finyanga unga viduara vidogo, bonyeza kidogo, kisha kandamiza vidonge vitatu vitatu vya rangi juu yake. Kazi hii wape watoto. Wataipenda, na hutawaona wakigombana kwa nusu saa nzima.

Sasa sikiliza jambo la hapa kwetu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hivyo Idi inarudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2024 iliangukia tarehe 10 Aprili, na mwaka 2025 mwishoni mwa Machi. Kwa ndugu zetu walioko Ulaya hayo ni majira ya maua. Kwetu ni mwisho wa kaskazi, na joto ni kali. Siagi huyeyuka katika joto lisilopishana sana na la jikoni kwetu mwezi huo. Ndiyo maana biskuti hutandaa kwenye trei zikashikana zote zikawa chapati moja. Dawa yake ni kuviweka viduara ndani ya friji nusu saa kabla ya kuoka. Viingie oveni vikiwa baridi, moto wa nyuzi 180, dakika 12. Vitoe pembeni vikiwa vimeanza kugeuka rangi na katikati bado laini. Vitakauka vyenyewe vikipoa.

Asiye na oveni asikate tamaa. Bibi zetu walipalia mkate wa sinia kwa makaa, moto juu na moto chini, kabla ya umeme kufika mitaa hii. Sufuria nzito, trei ndogo ndani yake imeinuliwa juu ya vijiwe, kifuniko cha bati na makaa machache juu. Zitoke kumi kumi, si neno.

Ziache zipoe kabisa kabla ya kuzifungia. Hewa ya bahari ina unyevu, na biskuti iliyofungiwa na mvuke wake hulegea siku ya pili. Zikilegea kabla ya Idi, zirudishe ndani ya oveni dakika tatu au nne, zitakuwa kama mpya. Kisha lifiche kopo. Usiniulize mahali pa kuficha, kila nyumba inawajua wezi wake.

Na je, kuonja katika swaumu? Wanazuoni wameruhusu mwenye haja aonje kwa ncha ya ulimi na ateme, asimeze. Lakini bora uonjeshe mtoto asiyefunga, au uoke usiku wa mapema, uepuke shaka.

Rangi na chokoleti: soma karatasi

Vidonge vya rangi vinapendeza, lakini ni vitu vya kiwandani na vina mambo yake. Kabla hujalipa dukani, geuza paketi usome. Tazama mambo matatu.

Kwanza ni jelatini. Mara nyingi hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na nguruwe akiwa mmoja wao. Kama haikuandikwa imetoka kwa mnyama gani na hakuna nembo ya halali, iache.

Pili ni rangi nyekundu yenye namba E120. Hiyo hutolewa kwa mdudu. Wanazuoni wamezungumza juu yake kwa kauli mbalimbali, na mwenye kutaka usalama wa swaumu na Idi yake atachukua nyingine, kwani rangi nyekundu ya mimea ipo.

Tatu ni vanila ya majimaji. Aina nyingine huyeyushwa kwa alkoholi. Vanila ya unga ipo, na iliki yetu inatosha bila ya vanila yoyote.

Ukiwa na shaka muulize imamu wa mtaa wako. Kuuliza si aibu. Aibu ni kufunga siku 29 au 30 kisha kufungua sikukuu kwa kitu usichokijua.

Kwa wanaooka kuuza

Kuna dada na mama zetu ambao biskuti za Idi kwao si anasa, ni ada ya shule ya muhula unaokuja. Ndiyo riziki yao. Hawa siwaambii wasioke kumi la mwisho, maana kutafuta halali ya watoto ni jambo tukufu. Nawasemesha sisi wanunuzi.

Wewe unayeagiza kilo tano usiku wa mwezi 28 ukazitaka kesho asubuhi, unajua kwamba umemnyima mtu usiku wake? Agiza kumi la kwanza. Toa pesa za unga na siagi mapema, asikope. Na ukishachukua mzigo wako, lipa. Usimwambie "baada ya Idi tutaonana", kwani naye ana watoto wanaosubiri nguo. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba mwenye uwezo kuchelewesha deni la watu ni dhulma. Ni ajabu mtu asimame rakaa ndefu usiku na mfukoni ana pesa za mwanamke aliyemwokea.

Fitri kwanza, kisha sahani ya jirani

Tufike kwenye lile neno nililokwambia ulishike: kugawa.

Jambo la kwanza la kugawa siku hiyo si biskuti, ni Zakatul Fitri. Ibn Umar (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliifaradhisha saa' moja ya chakula kwa kila Muislamu, mkubwa kwa mdogo, mwanamume kwa mwanamke, na akaamrisha itolewe kabla watu hawajatoka kwenda kuswali. Na Ibn Abbas (R.A.) akaeleza hekima yake: inamsafisha aliyefunga na maneno ya upuuzi, na inamlisha maskini. Saa' moja wanazuoni wengi huikadiria baina ya kilo 2.5 na kilo 3. Nyumba ya watu sita basi ni kilo 15 za mchele, au zaidi kidogo.

Sasa linganisha. Zile biskuti 300 ni vipimo sita vya pale juu: siagi kilo moja na nusu, unga karibu kilo mbili na nusu, chokoleti na vidonge vyake zaidi ya kilo mbili. Piga bei mwenyewe dukani. Kisha ujiulize, mchele wa fitri nilinunua ule ule ninaoula mimi, au nilitafuta ule wa rahisi kuliko wote? Nimeutoa kwa wakati, au niliukumbuka takbira zikisomwa? Fanya hivi: siku utakayonunua siagi ya Idi, nunua na mchele wa fitri, uwe umekaa pale jikoni pamoja na lile kopo. Hapo hutausahau.

Fitri ikishatoka, ndipo sahani ya jirani. Hii ni ada yetu tusiiache ife. Sahani inafunikwa kitambaa, mtoto anaipeleka kwa mikono miwili, anasema "Mama awasalimu", na hairudi tupu, hata kama ni kwa ndimu mbili au vipande vya kashata. Mtume (S.A.W.) aliwausia wanawake wa Kiislamu wasidharau zawadi ya jirani hata ikiwa ni kwato ya mbuzi, na alimuusia Abu Dharr (R.A.) azidishe mchuzi ili jirani apate. Basi usingoje mpaka ujaze sinia. Biskuti sita katika kisahani zinatosha.

Na jirani ni nani? Katika vichochoro vya Mji wa Kale mlango unatazamana na mlango. Yule bibi kikongwe anayekaa peke yake ghorofani, ambaye watoto wake wako Ughaibuni, huyo ni jirani. Mlinzi wa jumba lililo mbele yako, hata asiwe Muislamu, ni jirani. Familia iliyofiwa mwaka huu, ambayo haikuoka kitu, hao ndio wa kwanza. Ukitoa lile kopo lako siku ya Idi, anza na hao kabla ya wale wanaokuja na magari.

Tunaondoka na nini

Ndugu zangu, sitaki tumalize tukasema "maneno mazuri" halafu basi. Kila nyumba ichukue mambo manne, na vijana muyasimamie nyinyi.

Moja: mwaka huu kama bado hujaoka, oka kabla ya mwezi 20. Kama mwezi 20 umeshapita, punguza. Aina moja au mbili, zilizobaki nunua kwa dada anayeuza, umlipe. Na kuanzia mwakani iwe kazi ya Shaabani.

Mbili: oveni isiwashwe nyusiku za witri. Andikeni karatasi mubandike mlango wa jikoni: 21, 23, 25, 27, 29. Asiyejua kuoka anajua kubandika karatasi.

Tatu: kila mwanamume wa nyumba awe na kazi yake inayojulikana, si ya kusaidia akipenda. Huyu apime, huyu aoshe, huyu apeleke sahani.

Nne: amshaneni. Mama aamshwe kwa ajili ya Swala, asiamshwe kwa ajili ya kupika daku tu. Daku apike mwingine siku mbili tatu, hata kama ni uji na tende, hamtakufa.

Asubuhi ya Idi, kabla hujatoka kwenda kuswali, kula tende, moja au tatu au tano, kama alivyofanya Mtume wetu (S.A.W.), aliyekuwa akizila kwa witri. Kisha toka na takbira. Ukirudi, wape watoto mkono wa Idi, kaa na watu wako, fungua kopo. Na ukimwona mama yako ameketi nawe, hakuchoka, macho yake hayakuvimba kwa usingizi wa jikoni, na yeye pia ana la kusema juu ya usiku wa ishirini na saba, ujue biskuti ile umeila kwa haki.

Ewe Mola wetu, tukubalie swaumu zetu na visimamo vyetu. Uwape mama zetu na dada zetu fungu lililo kamili la Laylatul Qadr, na uwalipe kila jasho walilolimwaga kwa ajili yetu. Uwarehemu waliotuokea miaka iliyopita na mwaka huu wako makaburini. Utuepushe na israfu na kujionyesha, na uzifanye sahani zetu zifike kwa wanaozihitaji. Amin.

Taqabbalallahu minna waminkum. Idi njema.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.